Sauti ya Mama, Sura Hakuna

Kaka yetu mkubwa aliichukua kompyuta yangu bila kuniuliza, na matanga ya mama yalikuwa hayajaisha. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia habari hii husema, "We nawe una hasira sana." Ndiyo, ninayo! Lakini mtu ajue kwanza nani alianza.

Nina kibanda changu hapa Kasongo, karibu na soko, ninapochapa barua za watu na kutoa fotokopi. Umeme wangu ni wa jua, paneli juu ya bati na betri chini ya meza. Kompyuta ile niliinunua kwa jasho langu, na kila mtu nyumbani anajua kwamba haivuki mlango. Kaka anajua kuliko wote. Sasa, ana rafiki yake mwenye sale, nyumba ya kuonyeshea mpira na filamu, na mashine ya huyo rafiki ilikuwa imekufa. Siku ambayo mimi niko nyumbani napepeta mchele wa arobaini ya mama, kaka akafungua kibanda changu, akaitia kompyuta kwenye mfuko wa plastiki, akapanda nayo pikipiki. Arobaini ya mama yake mzazi! Watu wanajiandaa kuja kusoma dua, yeye yuko sale anawaonyesha watu filamu za ngumi.

"Haikuharibika," aliniambia alipoirudisha. "Tena nimekufutia na vumbi."

Nilimpa vidonge vyake kwa sauti ya chini, maana wageni walikuwa wameshaanza kuingia uani.

Ni kwamba ndani ya kompyuta hiyo alikuwamo mama. Mama hakupenda kupigwa picha. Ukiinua simu tu, anavuta mtandio mpaka puani. "Sura yangu si ya kutembea mikononi mwa watu," alikuwa akisema. Kadi yake ya kura, yenye picha, ilifutika kwa jasho kwa kufungwa kila siku kwenye pindo la kitenge. Lakini siku moja alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda changu anachambua sombe, majani ya muhogo, mtandio umemwangukia mabegani, nikamrekodi bila yeye kujua. Anaongea, anawasema majirani, anacheka. Simu niliyomrekodia iliibiwa sokoni baadaye, bahati nzuri nilikuwa nimeshaihamishia video kwenye kompyuta. Hakukuwa na sura nyingine ya mama popote.

Na aliyeitaka sura hiyo alikuwa mdogo wetu wa mwisho, aliyeolewa Kabambare.

Mama alifariki hapa Kasongo, alfajiri. Kwetu Waislamu maiti haicheleweshwi, najua, wala sibishi. Tulimwosha sisi wanawake, tukamvika sanda, tukauacha uso wazi kidogo ili wenye kuaga waage. Mdogo wetu alikuwa njiani. Alipata mtandao wa simu alipofika Lusangi, akatuambia mvua imewakamata lakini pikipiki inatembea. Nikamwendea kaka pale alipokuwa amekaa na wanaume. Nikamwomba tungoje alasiri. Alasiri tu, siyo kesho.

"Barabara ile iko mbaya," kaka alisema. "Leo hatafika. Na maiti haisubiri mutu."

Wakamzika baada ya swala ya adhuhuri. Mdogo wetu akafika alasiri ileile niliyoiomba, matope mpaka kiunoni, akawakuta wanaume wamerudi kutoka makaburini wananawa miguu. Hakulia. Aliuliza tu, "Mumeisha kumuzika?" Alikuwa hajamwona mama tangu alipojifungua mtoto wake wa pili, na sasa kila mtu anamkalisha chini na kumwambia, "Alikuwa na sura nzuri, wallahi, kama amelala." Kila aliyeingia alimwambia hivyohivyo. Mimi nilitamani kuwafunga midomo. Wewe umeona, mwenzako hakuona, halafu unamsimulia ulichoona!

Betri ya kibandani ilikuwa tupu kwa mvua za siku zile, basi nilimvuta pembeni nikamwambia arudi kwa watoto wake, akija arobaini nitamwonyesha mama. Ninaye, nikamwambia. Hilo ndilo aliloondoka nalo Kasongo.

Basi kesho yake baada ya dua ya arobaini, asubuhi, nilimkalisha kibandani mbele ya kompyuta. Nikafuta kioo kwa upindo wa kitenge changu. Nikabonyeza video.

"Hii sombe ya leo, mama yangu, majani magumu hivi nani amenunua?"

Sauti ya mama, safi kabisa. Mdogo wetu akashika meza. Lakini kwenye kioo hakuna kitu. Yale maua ninayoyaweka kama pambo la kompyuta yametulia palepale, na mama anaendelea kuongea, anamcheka jirani yetu aliyenunua mbuzi kumbe beberu mzee. Nikafunga, nikafungua tena. Sauti ipo, sura hakuna. Nikaizima kompyuta kabisa, nikaiwasha. Vilevile. Mdogo wetu aliinama akaangalia nyuma ya mashine, kweli aliangalia, kisha akaona haya akakaa.

"Yaya," akaniambia, maana mimi ni dada yake mkubwa, "yuko wapi?"

Nilimwita kaka, maana yeye ndiye aliyekuwa nayo mara ya mwisho. Kaka akaja na fundi wa mashine, mtu mzima, miwani, mfuko wa bisibisi, na kujiamini kwingi. Fundi akasikiliza kidogo, akagonga vitufe viwili vitatu, akavua miwani.

"Hii iko virus," akasema. "Imekula picha, imeacha sauti. Nimeisha kuona nyingi za namna hii. Tuformate mashine, tufute vyote, tuanze upya."

"Na video?"

"Video itaenda. Lakini mashine itapona."

"Basi inakili kwanza kwenye simu yako."

"Aka!" Akaisukuma simu yake ndani ya mfuko wa suruali kama nataka kumnyang'anya. "Virus iruke kwenye simu yangu? Hapana, mama. Hata clé, hata flashi, usichomeke hapo."

Na kaka, Mungu wangu, kaka akasema, "Basi afanye tu. Kwani sauti si mumeisha kuisikia?"

Nilimwambia maneno ambayo nyumbani kwetu mwanamke hamwambii kaka yake mkubwa. Nikamwambia wewe uliyemfukia mama kama unafukia mbegu, haraka haraka kabla mvua haijanyesha, leo unataka kumfuta na huku? Nikamwambia sauti si sura. Nikamwambia kama masikio yanatosha, basi na ile siku tungempigia mdogo wetu simu asikie talakini ikisomwa kaburini. Fundi alikuwa ameshaweka mkono juu ya mashine. Nikaweka wangu juu ya wake.

"Toa mkono."

Akautoa.

Tukabaki hivyo, watu wanne katika kibanda kisichotosha watatu, na mama bado anaongea, maana hakuna aliyekumbuka kumzima. Mimi nilishika kipanya, si kwa akili, kwa hasira tu, nikawa napitisha mshale huku na huku kwenye kioo. Mshale ukapita chini kabisa, pale zinapojipanga alama za vitu vilivyofunguliwa. Ukagusa alama ya video. Juu yake kikatokea kijipicha, ukubwa wa kibiriti.

"Yaya, huyu si mama?"

Tukainama wote. Alikuwa mama. Mtandio mabegani, mikono inaenda kwenye majani. Uso mdogo kuliko ukucha wangu, huwezi kusema anacheka au ananuna, lakini ni yeye.

"Hicho iko kivuli tu," fundi akasema. "Mashine inakumbuka kitu cha zamani."

"Kivuli kinachambua sombe?" nikamuuliza.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kama mama yuko pale chini anatembeza mikono sambamba na sauti yake, basi hakuna kilichomla. Yuko mahali, mzimamzima, ila siyo mahali tunapopaangalia. Nikamgeukia kaka.

"Sale mulifanya nini na mashine hii? Nieleze yote."

Akajitia hamnazo kwanza. Nikamkazia macho. Ndipo akaeleza kwamba pale sale wana projekta inayorusha filamu ukutani, na mwenye sale hapendi watu waone anapotafuta filamu nyingine. Kwa hiyo waliiambia kompyuta kwamba ukuta ni kioo cha pili, kilichoungana na cha kwanza upande wa kulia. Filamu wakaisogeza, ikatoka kwenye kioo cha kompyuta ikaingia ukutani. Watu wanaangalia ukuta, wao wanatafuta filamu kwenye kioo kwa siri.

"Na mulipomaliza?"

"Mafuta ya jenereta yalikuwa yanaisha. Projekta inakula umeme. Tukaichomoa ile kwanza."

"Kabla ya kuifunga filamu?"

"Sasa ningeifunga ya nini? Imeisha kwisha."

Hivyo ndivyo tunavyofanya sote hapa, na mimi siwezi kumcheka kwa hilo. Jenereta likianza kukohoa, unachomoa kwanza kile kinachokula zaidi, mengine baadaye. Lakini kompyuta haijui habari ya mafuta yetu. Mara ya mwisho dirisha la video lilikuwa ukutani, na ukuta ukaondoka ghafla bila kuaga, basi kila video iliyofunguliwa baada ya hapo inakwenda kulekule, kulia, nje ya kioo, kwenye ukuta usiokuwepo. Niligeuka nikaangalia upande wangu wa kulia. Palikuwa na kalenda na rafu ya sabuni.

"Umemwacha mama kwenye ukuta wa sale!" nikampigia kaka kelele. "Mama aliyekataa picha maisha yake yote, umemwacha kwenye ukuta wa wacheza ngumi!"

Kaka akarudi nyuma mpaka kwenye rafu ya sabuni.

Kumrudisha ilikuwa kazi nyingine. Nikaweka mshale juu ya kile kijipicha, nikabonyeza upande wa kulia wa kipanya. Yakatokea maneno ya Kifaransa. Moja lilikuwa Déplacer, kuhamisha. Nikalibonyeza, likakataa. Lilikuwa limefifia, rangi ya kijivu.

"Usiguse, utaharibu," fundi akasema.

"Niharibu nini? Si wewe uliyetaka kufuta vyote?"

Juu yake kulikuwa na Restaurer, kurejesha. Lile lilikuwa jeusi, linakubali. Nikafikiri: filamu kule ilikuwa imejaza ukuta mzima, na kitu kilichojaza chumba kizima utakisogeza wapi? Lazima kwanza kirudi udogo wake. Nikabonyeza Restaurer. Hakuna kilichobadilika machoni. Nikarudi kwenye maneno yale, na Déplacer sasa lilikuwa jeusi. Nikalibonyeza. Nikaacha kipanya, nikashika kitufe chenye mshale wa kushoto, kwa sababu mama alikuwa kulia na nilitaka aje huku.

Nikabonyeza na kubonyeza. Maua tu. Fundi akaguna. Nikakandamiza kidole nisikitoe.

Kwenye ukingo wa kulia ukatokea ufito mwembamba wa rangi ya mlango wangu. Kisha ungo wa sombe. Kisha kiwiko. Mama akaingia kwenye kioo ubavu ubavu, polepole, bega, mtandio, sikio lenye hereni, halafu uso wote. Nikapiga kitufe cha Entrée ili abaki hapo. Na bado nilikuwa na hasira, nyingi kuliko mwanzo. Kitu chepesi hivi! Na walikuwa wanataka kumfuta.

Fundi alikusanya bisibisi zake ambazo hazikutumika. "Basi virus ilikuwa ndogo," akasema, akatoka.

Mdogo wetu alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. Nilidhani atapiga yowe, nikajiandaa kumshika. Hakupiga.

"Punguza sauti," akaniambia. "Hiyo nimeisikia tangu asubuhi. Acha nimuangalie."

Nikaizima sauti kabisa. Akamwangalia mama kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu akiangalia kitu. Alitazama jino lililomeguka. Alitazama mvi zilizotokeza kwenye paji, ambazo yeye hakuzikuta alipokuja mara ya mwisho, akazigusa kwenye kioo. Video ilipokwisha alinitazama, nami nikaianzisha tena. Ikaisha. Nikaianzisha tena. Kila mara mama alifika pale anapoinua uso na kucheka, na kila mara mdogo wetu aliinua na wake.

Simu ya kaka ikalia. Akaenda mlangoni kuongea, akarudi, akakohoa. Nilijua hata kabla hajafungua mdomo. Alasiri kulikuwa na mechi.

"Sasa, mumalize upesi kidogo," akasema. "Mwenye sale iko pale nje, anasubiri mashine."

Nilivuta pumzi nimwambie yaliyobaki kifuani, na yalikuwa mengi. Mdogo wetu akanitangulia. Hakugeuka wala hakupandisha sauti, macho yake yako kwa mama.

"Kaka, mimi hamukunisubiri," akasema. "Yeye asubiri."

Kaka akakaa kwenye benchi la wateja, simu inalia mkononi, asiipokee.