Majirani walikuja kumliwaza Maman kila asubuhi, kumbe ni aleji ya pua

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna mwenzetu humu ameuliza kuhusu mafua ya mtoto wake yasiyoisha. Nilianza kumjibu kwa kifupi, nikajikuta nimezama kwenye kumbukumbu, basi nikaona nifungue uzi. Sitatia chumvi. Baadhi ya waliokuwepo wako hai na wanasoma humu.

Sisi ni Wanyarwanda tuliozaliwa Bukavu, Kongo. Baada ya mauaji ya kimbari tulirudi Rwanda, Maman na sisi watoto, tukapata makazi Bugarama, huku Rusizi mpakani. Papa alibaki Bukavu kumaliza mambo ya duka lake, kisha atufuate.

Vita vikaanza kule. Hatukupata habari zake tena.

Maman akapata kibarua cha kupepeta mpunga, na hapo ndipo chafya zilipoanza. Akiamka tu, chafya mfululizo, macho mekundu, kamasi jepesi kama maji, kitambaa hakitoki mkononi.

Majirani wakipita kwenda mashambani wanamkuta mlangoni anajifuta machozi. Mgeni, mume hajulikani alipo. Wewe ungedhani nini?

Na miaka ile, wakuu, mtu akilia hukumuuliza sababu. Kila nyumba ilikuwa na yake. Unakaa karibu naye, unanyamaza, ukiona inatosha unaondoka.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Zaina, mkulima wa mpunga, Muislamu, na chupa yake ya chai ya tangawizi. Kisha akaja Maman Vero, mjane Mkatoliki aliyeishi nyumba ya tatu. Wakawa wanakuja kila asubuhi kabla ya shamba. Wanakaa mkekani na Maman, wanakunywa chai, wanalia kidogo, wanaenda kazini.

Nazikumbuka sana zile asubuhi. Ukungu juu ya mpunga, harufu ya tangawizi, wanawake watatu kimya. Natamani ningezipata tena hata moja.

Mimi ndiye mkubwa kwetu, nikaona chafya zinazidi, nikamlazimisha twende kituo cha afya. Muuguzi akauliza: homa? Hakuna. Pua inawasha? Sana. Inazidi lini? Msimu wa kupepeta, na asubuhi akitoka kitandani.

Akasema ni allergie. Vumbi la mpunga, na godoro letu lililojazwa majani makavu ya mpunga huohuo. Yaani alikuwa anapepeta mchana na kulalia usiku.

Mwenzetu uliyeuliza, soma hapa. Alituambia afunge kitambaa puani akiwa kazini, aoge na kubadili nguo kabla ya kulala, tubadilishe godoro, na asafishe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Akampa na vidonge, akamwonya vinaleta usingizi. Mtoto wako mpeleke apimwe kwanza, usinunue dawa kwa kubahatisha.

Nilifurahi. Maman hakufurahi.

Njiani akaniambia kwa Kiswahili cha huku mpakani ("ba-" ni "wa-", "kuya" ni "kuja", "juu" ni "kwa sababu"), "Bale bamama banakuyaka juu banazani ninalilia papa yako. Nikipona, batakuya kufanya nini kwangu? Batasema nilikuwa nabadanganya."

Hapo nikaelewa. Katika nchi hii mpya hakuwa na rafiki mwingine. Vidonge akavificha, kitambaa akakataa, akaendelea kupiga chafya kwa hiari yake.

Msimu uliofuata pumzi ikawa shida, kifua kinapiga filimbi. Nilimwambia waziwazi kwamba sisi tumebaki na mzazi mmoja. Akakubali. Tukachoma lile godoro, akafuata maagizo yote.

Haikupita muda mrefu akaamka macho makavu.

Mama Zaina na Maman Vero wakaja kama kawaida. Maman hakuwamiminia chai. Alikaa ameinamisha kichwa, akasema, "Munisamehe. Ile haikukuwa kulia. Ilikuwa allergie, vumbi ya mupunga. Sasa nimepona."

Wakatazamana. Mama Zaina akachukua chupa, akamimina mwenyewe.

"Tulijuaka zamani," akasema. "Muntu gani analiaka tu wakati ya kupepeta?"

"Sasa mulikuwa munakuya juu ya nini?"

Maman Vero ndiye aliyejibu. "Kwetu batoto beko. Hatuwezi kulia mbele yabo. Hapa kwako tulikuwa tunapata fasi ya kulia. Sasa wewe umepona, sisi tutalilia wapi?"

Maman akasogea mkekani, akawapa nafasi. Halafu akamtaja Papa kwa jina lake, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu tuvuke mpaka, akaanza kulia.

Alilia asubuhi nzima, wakuu, bila kupiga chafya hata moja.

Mimi nilichojifunza ni kwamba pua unaweza kuitibu na majirani wakabaki. Mwenye aleji aseme anajikinga vipi, na kama una wa kukaa naye kimya, leo mpelekee chai. Karibuni, nasoma kila comment.