Mapishi Yaliyopimwa kwa Uradi

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, nilikuwa na mkebe mkubwa wa biskuti uliojaa mapishi. Mengine yaliandikwa kwenye kurasa za daftari za shule, mengine migongoni mwa kalenda, na moja kwenye karatasi ya kufungia sukari. Yale ya upande wa Kipini yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, ingawa maneno yenyewe ni Kiswahili, kwa kuwa bibi aliyenipa alifunzwa kuandika hivyo na babake. Mama mmoja Muorma aliyetuuzia maziwa alinieleza namna ya kukausha nyama na kuihifadhi ndani ya samli, nami nikaandika. Mke wa mkulima wa Golbanti, Mkristo, alinitajia mapishi ya kambare wa ndizi mbichi huku akichungulia begani mwangu kuhakikisha siruki kitu.

Nilikuwa na vitabu vya kuchapwa pia, nilivyovinunua Mombasa, vyenye picha za keki ambazo jiko letu la kuni la hapa Garsen haliziwezi. Navyo nilivipenda. Lakini kitabu kinakwambia gramu, na karatasi ya mtu inakuletea mtu mwenyewe. Mwanamke mmoja wa Hola aliniandikia kuhusu kaimati zake: "Sukari utie mpaka mumeo aulize imekwisha vipi." Sijawahi kumwona, wala sidhani kama nitamwona hapa duniani, lakini nikisoma mstari ule namsikia akicheka.

Wazee wenzangu walinitania tukitoka msikitini. Nilikuwa mwalimu wa madrasa, na kazi ile ya kukusanya mapishi waliiona ni ya wanawake.

"Mwalimu, leo unaandika nini, hotuba au mchuzi?"

"Vyote viwili vinataka chumvi," nikajibu, nikaenda zangu.

Karatasi niliyoionea fahari kuliko zote ilitoka kinywani mwa mama yangu. Mama hakujua kuandika. Alikaa juu ya mkeka, mikono yake ikiwa imeshaishiwa nguvu za kupika, akanitajia wali wa wageni: mchele wa shamba letu la ukingoni mwa mto, maziwa ya ng'ombe, samli, iliki iliyotwangwa. Moto uwe mdogo. Ukishamimina maziwa, koroga kwa uradi mmoja, kisha epua. Hapo ndipo maelezo yalipokoma. Uradi, yaani zile dua na dhikri ambazo mtu huzisoma kila siku baada ya swala, ndio uliokuwa saa yake ya jikoni tangu ujana. Niliandika kama alivyosema, na nikaona nimeshika kitu kamili.

Mwaka uliofuata mafuriko makubwa, majani yaliporudi na maziwa yakawa mengi tena, binti yangu akaposwa na kijana wa Madogo. Kwao ni wafanyabiashara wa mifugo. Ilikubaliwa kwamba fungate ikiisha, bibi harusi atawapikia wakwe chakula cha kwanza kwa mkono wake, nacho kiwe chakula cha kwao alikotoka. Binti yangu akasema atapika wali wa wageni wa nyanya yake.

Dada yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Lamu kwa ajili ya harusi, akacheka.

"Unawapelekea maziwa watu wa ng'ombe? Hao wakionja kijiko kimoja watakwambia ng'ombe alikunywa maji ya wapi."

"Ndiyo maana lazima kiwe kizuri, shangazi," binti akasema.

Hakuwa akitania. Alijua kwamba atakapokaa mbele ya wakwe na sinia lile, ndiye atakayekuwa nyumba yetu nzima. Nami nilijua. Kwa hiyo akajaribu nyumbani kwanza.

Alikoroga akisoma uradi ule niliowafundisha wanafunzi wangu, mfupi na safi, na alipomaliza akaepua. Tulipakua kitu chepesi kilichotiririka kwenye sahani. Mama akaonja.

"Huu ni uji wa mgonjwa," akasema. "Mgonjwa ni nani?"

Dada yangu akachukua mwiko. Yeye anafuata uradi mrefu alioupata kwa mashekhe wa upande wa mumewe, na aliusoma wote bila haraka. Wali wake ukashika chini, nyumba ikanuka moshi.

"Huu wapeni kuku," mama akasema.

"Basi ndugu yangu aliandika vibaya," dada akasema, akinigeukia. "Mapishi ya mwanamume haya."

Binti yangu alikuwa ameinama juu ya chungu akikikwangua, na niliona machozi yamemlenga. Nikasema tutumie saa ya ukutani, tuweke dakika, tuandike.

"Saa haiombei mtu," mama akajibu. "Nisogezeni jikoni."

Tukamsogezea kigoda karibu na mafiga. Akamwambia mjukuu wake amimine maziwa, akaanza kusoma. Mwanzo ulikuwa ule ule tunaoujua sote, na ulikwisha mapema. Lakini mama hakunyamaza. Alianza kutaja watu. Alimtaja babake na mamake, ndugu zake mmoja mmoja, babangu, kisha mtoto wa kike aliyemzika kabla mimi sijazaliwa. Alimtaja jirani aliyemzalisha. Alimtaja mzee Muorma aliyekuwa akimletea maziwa ya wali huu huu, aliyefariki mwaka wa mafuriko. Kila mmoja alimwombea rehema kwa maneno machache, na mwiko ukawa unazunguka. Alipofika kwenye amina, wali ulikuwa unaachana na kingo za chungu, mzito, unang'aa kwa samli.

"Epua," akasema.

Tulikula. Dada yangu ndiye aliyesema kwanza. "Mama, mbona hukutuambia kama wamo na hao?"

"Uradi wangu mimi ndio huo. Nyinyi mnasoma mkimaliza mnaondoka?"

Nikachukua kalamu niongeze majina chini ya karatasi. Mama akaniruhusu, ila akataka binti ayajue kwa moyo, kwa sababu mkono wenye mwiko haushiki karatasi. Kwa hiyo siku zilizobaki kabla ya harusi yule mtoto alikuwa na darasa jingine. Nimefundisha watoto wengi kuhifadhi, lakini sikuwahi kusikiliza darasa kwa furaha kama lile.

"Mke mwenzangu, umemruka ndugu yangu," mama alikuwa akimwambia kwa utani wa nyanya na mjukuu. "Unataka alale njaa?"

"Simruki tena, Nyanya."

Harusi ikafanyika, Alhamdulillahi, na binti akaenda Madogo. Nilikuwa nikimwombea kila alfajiri, na nakiri kwamba nilimwombea na chungu chake.

Alipokuja kututembelea, nilimuuliza hata kabla hajanywa maji. "Ulishika chini?"

"Haukushika, Baba. Lakini kidogo unishinde."

Akatusimulia. Mama mkwe wake aliingia jikoni akamkuta akinong'ona juu ya chungu, akamuuliza anazungumza na nani. Akamweleza kwamba ni watu wa nyanya yake, na kwamba wali hauepuliwi mpaka waishe. Yule mama akasogea karibu na chungu.

"Na mamangu naye mtie," akasema.

"Na baba yako je?"

"Naye mtie, ijapokuwa wali hakuupenda."

Kisha wifi akaja na wake, na shangazi wa mume na wake. Wali ukaanza kukaza kabla majina hayajaisha, ikabidi aongeze maziwa, akapunguza kuni, akaendelea. Wakwe walikula, na mama mkwe akakikwangua chungu kwa mkono wake.

"Akasema nini kuhusu maziwa?" akauliza dada yangu, ambaye alikuwa bado hajarudi Lamu.

"Akasema kumbe watu wa mtoni wanajua maziwa."

Mimi niliangalia pembeni, maana uso wangu ulikuwa umejaa fahari, na mtu wa umri wangu hana budi kujizuia. Mama hakucheka wala hakusifu. Alipapasa mkeka, akamwonyesha mjukuu wake mahali pa kukaa.

"Kaa hapa," akamwambia. "Hao watu wa Madogo uliowatia kwenye uradi, nitajie mmoja mmoja, polepole."