Rimoti za Mapacha

Boti yetu haiendi popote. Ni mapipa yaliyofungiwa mbao juu, imefungwa kamba kwenye bwawa, na kazi yake ni kubeba mota na pampu ya kumwagilia vitunguu. Maji yakishuka, nayo inashuka. Hapa Mang'ola tunaiita boti kwa kukosa jina lingine, na watu wa Karatu wakisikia wanacheka.

Mota tunaiwasha kwa rimoti, kidude kidogo kama kile cha geti la hoteli. Kinatuma mawimbi ya redio mpaka kwenye kisanduku kilichofungwa kwenye boti. Mume wangu alinunua yetu siku moja na jirani, duka moja, wakachukua mbili kwa mpigo ili wapunguziwe. Mimi niliona ni akili. Nasema hivi isije ikaonekana nilikuwa na mashaka tangu mwanzo. Sikuwa nayo.

Asubuhi ya zamu ya maji, yetu na ya jirani, mkanda wa mota ukachomoka. Mume wangu akavuta kamba, boti ikasogea, akapanda. Rimoti akaniachia mimi ukingoni.

"Usiguse mpaka niseme."

"Sigusi."

Kukata umeme kwenye kisanduku chenyewe kulitaka kufungua nati za kifuniko, na maji ya zamu hayasubiri mtu. Hakufungua. Mimi pia sikumwambia afungue. Akaingiza vidole kati ya mkanda na gurudumu.

Mota ikanguruma.

Niliona mgongo wake ukiruka nyuma, boti ikainama, akakaa kitako juu ya mbao ameukumbatia mkono kifuani. Nikabonyeza kuzima, nikabonyeza tena na tena hata ilipokwisha kunyamaza.

"Vidole!" nikapiga kelele. "Vidole vipo?"

"Vipo! Si nimekwambia usiguse?"

"Sijagusa, baba watoto!"

Nilisema sijagusa. Lakini rimoti ilikuwa kiganjani mwangu, kiganja kimeloa jasho, na mtu mwenye hofu hukaza mkono bila kujua. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya mawimbi siyajui. Mkono wangu nilidhani naujua.

Jirani akatokea kwenye migomba, na yeye kashika rimoti yake.

"Shemeji, kwenu kuna shida? Yangu nimeiwasha sasa hivi, ikazima yenyewe."

Mume wangu akamtazama. Akasogea mwisho wa boti, mbali na mkanda. "Hebu bonyeza."

Jirani akabonyeza. Mbao za boti yetu zikatetemeka, na nyuma ya migomba mota yake nayo ikaitikia.

"Astaghfirullah," akasema, akazima haraka.

"Ulitaka punguzo," mume wangu akamwambia. "Punguzo ndilo hilo."

"Mimi? Si wewe uliyemwambia mwenye duka atupe mapacha?"

Nitende haki. Jirani alikuwa anamwagilia shamba lake, na boti yetu alikuwa haioni. Tena, kwamba rimoti yake inaweza kuwasha mota yetu hakuniambii ni nani aliyeiwasha ile mara ya kwanza. Nilimweleza mume wangu hivyo.

"Nyamaza, mama," akasema. "Unatafuta kosa ambalo hujapewa na mtu."

Mkanda ulikuwa bado haujavalishwa. Safari hii alifungua kifuniko kwa spana, akakata umeme, akauvalisha. Jirani aliweka rimoti yake chini mchangani, akasimama kando na mikono nyuma. Mume wangu akarudisha umeme, akafunga kifuniko.

"Haya, washa!"

Kidole kikagoma.

"Inua mikono," nikamwambia.

"Iko huku, mbali!"

"Inua niione."

Akainua yote miwili, vidole ameviachanisha kama mtoto anayeonyesha kumi. Jirani akaangua kicheko. Niliviona vyote, hata cha mwisho. Zamu yetu ya maji ilikuwa inakwisha, na bado nikamwambia ainue tena.