Siku Sinema Iliponitenga na Mtaa

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo pale Kariakoo ningeingia mwenyewe na kujifukia.

Ilikuwa miaka ile ya kazi za kujitolea, Jumamosi mtaa mzima tunazibua mitaro, na Jumamosi moja balozi wa nyumba kumi akatangaza kwamba watu wa sinema wanakuja kutupiga picha. Basi mimi, kijana wa posa (mjomba alikuwa apeleke barua kwa Mzee Salehe, kumposa binti yake Zuhura), nikaona ndiyo nafasi ya kung'ara mbele ya mkwe, nikaazima suruali ya bugaluu ya rafiki yangu Shomari, mpya, imepigwa pasi, chini pana inafagia barabara. Sasa bugaluu ya mwenzio utaingiaje nayo mtaroni? Nikasimama kando, ukutani, mikono kiunoni, wenzangu wanachimba.

Mpiga picha akaniona, akatabasamu. "Kijana, baki hapohapo. Usicheke." Akanisogezea kamera mpaka karibu na pua, mimi peke yangu, katika mtaa mzima! Nikajua nimeshakuwa nyota. Nilitamba, jamani, nilitamba mpaka wauza kahawa wakanichoka, na jioni ya kuonyeshwa, pale uwanjani, shuka jeupe limetundikwa, nikamwalika Mzee Salehe mwenyewe, nikamkalisha mkekani karibu yangu, na Zuhura nyuma yetu na kina mama.

Sinema ikaanza. Wenzangu wakatokea bega kwa bega, wamejaa shuka lote. Halafu mimi, kadogo, pembeni kabisa, ukuta mtupu umenizunguka. Wao tena, nyuso kwa karibu, wanacheka, mimi, nimenuna (si niliambiwa nisicheke?). Kikombe cha kahawa kinapita mkono kwa mkono, kinapita, kinapita, mara uso wangu huo, nameza mate. Wallahi kile kikombe kilinifikia na nilikunywa, ila kipande hicho wamekikata! Kisha watu wote wakageuka kunipa mgongo, na mimi najua fika walikuwa wanatazama gari la zimamoto. Sauti nzito ya msimulizi wa sinema ikasema: "Hakuna mtaa usio na kupe wake."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamtazama Mzee Salehe, hacheki. Nikaona posa yangu inaondoka hivihivi, nikaruka juu.

"Uongo! Kahawa nilikunywa! Na wale walikuwa wanatazama zimamoto!"

Kumbe nimeziba mwanga wa mashine, kivuli changu kimelijaza shuka, bugaluu na yote (ndiyo, niliiazima tena), na watu wanapiga kelele, "Kaa chini, kupe!" Kugeuka nikae, mkeka mtupu, wenzangu wote wamejisogeza kando, tena hiyo haikuwa sinema, hakuna aliyekata wala kuunga kitu. Iliniuma, siwafichi.

Aliyebaki ni Mzee Salehe peke yake. Akaniangalia bugaluu kutoka juu hadi chini.

"Kijana, kahawa wameikata, nimekuelewa. Na wewe ukishika jembe, hicho kipande nacho wamekikata?"

"Shikamoo, mzee," nikajibu. (Msiniulize kwa nini, ndilo neno pekee lililonijia.)

"Marahaba. Mwambie mjomba wako asilete barua mpaka nikuone na tope."

Jumamosi iliyofuata nilitangulia mtaroni kuliko balozi mwenyewe, kaptura kuukuu, tope mpaka masikioni, na kamera hakuna hata ya dawa. Mzee Salehe alipita, akasimama, akalitazama lile tope, akaenda zake. Barua ikapokelewa.

Lakini niliapa, na kiapo nakishika hadi leo: pakitokea kamera mimi sisimami pembeni, najipenyeza katikati ya watu hata kama siwajui. Nendeni kwangu mkaitazame picha ya harusi yetu, ipo sebuleni. Mimi nimejaa tele, na bibi harusi ameonekana sikio moja, na Zuhura hajanisamehe.