Meseji Alizofuta Baba Neema

Leo nimekataa kazi, ikanifuata tena.

Asubuhi Mama Neema wa Kihurio alileta simu ya mumewe kibandani kwangu hapa Same.
"Fundi, nirudishie meseji alizofuta."
Nikamwambia, "Mama, simu ni ya mzee. Aje mwenyewe."
Nilidhani yameishia hapo.

Saa nane karudi naye. Mzee akaweka namba ya siri mwenyewe.
"Zirudishe zote, mwanangu. Nilikosea. Asome nikiwepo."

Zikarudi. Zilikuwa za mwanamke wa kule Kifaru.
Mama akasoma mpaka mwisho, machozi yanamtoka. Mimi nikageukia ukutani, maana mambo hayo hayakuwa yangu.

Kisha akamrudishia simu.
"Ungeniambia tu, Baba Neema. Twende, tutaongea nyumbani. Tangu asubuhi hujala."

Wameondoka pamoja.
Jamani, ninyi mngeweza?