Waliotaka Kunikata Kimeo

Mwaka juzi koo liliniuma wiki mbili, na kila mtu pale Kasulu akawa daktari. Nilikuwa nasaga muhogo kwenye mashine karibu na soko. Unga uliruka mpaka kope zikawa nyeupe, na ili mteja anisikie ilinibidi nipige kelele kuishinda injini. Mimi ambaye hata kuongea sipendi.

Muuza duka aliniuzia vidonge vinne vya rangi mbili bila kuniuliza lolote. Shangazi akasema nimerogwa. Nani ahangaike kumroga msaga muhogo? Baba mdogo, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu, akasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni.

"Kimerefuka. Kikatwe."

Jumapili akamleta mzee mwenye kisu kilichopinda, amekifunga kwenye kitambaa ambacho mimi nisingefutia hata miguu. Nikajikaza, nikauliza alimkata nani mara ya mwisho.

"Mtoto wa jirani yenu, jana," akajibu kwa fahari.

"Kisu kikaoshwa?"

"Kikafutwa."

Akanisogelea. "Asama!" akaniamuru kwa Kiha nifungue mdomo. Nilitaka kusema sitaki, neno likagoma. Tangu utoto sijawahi kumpinga mkubwa. Basi nikauma meno. Baba mdogo akanibana pua.

"Ataachama tu huyu. Lazima apumue."

Nikapumua kupitia mianya ya meno. Mzee alingoja mpaka akachoka, kisha akaondoka na jogoo wa ujira, kazi hakufanya.

Kesho yake nikaenda zahanati. Daktari akanimulika kooni kwa tochi, akauliza swali ambalo wajuzi wote wale hawakulifikiria: "Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza.

"Wengi wanaokuja hapa ni mafua tu. Wengine moshi wa jikoni. Wewe ni vumbi na makelele. Jifunge kitambaa puani, kunywa maji, na unyamaze siku kadhaa. Ukipata homa, au ukishindwa kumeza, rudi."

Kunyamaza! Katika maisha yangu sijawahi kupewa dawa rahisi namna ile. Nikapona.

Kiangazi hiki baba mdogo alichoma matofali, moshi ukamkaba siku nne. Akaja kwangu sauti ikikwaruza, anauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi.

"Nimwite yule mzee wa kisu, baba?" nikamuuliza polepole.

Akafumba mdomo.