Mtutu Alioukereza Lane

Jua halijachomoza sawasawa juu ya vilima vya Kaycee, jimboni Wyoming, na Delbert Aguerre ameketi chini, mgongo ameuegemeza kichakani, bunduki imelala mapajani. Theluji ya Aprili imebaki mabaka mabaka. Nyuma yake, bondeni, kondoo wa Maite Urruty wanalia. Wengi wao wanazaa wiki hii.

Anatia kipenga mdomoni. Sauti inayotoka ni ya sungura anayekufa, nyembamba, ya kukatikakatika. Ananyamaza, anangoja, kisha anakiliza tena.

Kwenye ukingo wa korongo kitu cha rangi ya nyasi kavu kinasogea. Ni koyoti. Asiyemjua atadhani ni bweha, ila huyu ana miguu mirefu na ujanja mara mbili. Anasimama kunusa upepo. Delbert anaingiza kitako begani, polepole.

"Hapo moyo ulisita," anasema baadaye, akijikung'uta theluji. "Si kwa ajili ya mnyama. Ni hii bunduki. Ni ile ile, lakini siyo ile."

Delbert ana miaka sitini na tatu, na kuwinda koyoti ndiyo kazi inayomlisha. Wafugaji wa Wyoming humwita msimu wa kuzaa, humlipa ujira wa kibarua, humjazia mafuta kwenye pikapu na kumwekea sahani mezani. Baba yake, Mbaski, mhamiaji kutoka kaskazini mwa Hispania aliyekuja kuchunga kondoo wa watu, aliifanya kazi hiyo hiyo.

"Mjini wananiita muuaji," anasema. "Huku wananiita nikichelewa."

Miaka kadhaa iliyopita farasi alimtupa, bega la kulia likavunjika. Tangu hapo bunduki kubwa zikawa zikipiga teke, machozi yanamtoka. Ndipo mwanawe wa pekee, Lane, fundi katika karakana ya mzee Hollis Brandvold, alipomtengenezea yake: kitako kifupi cha mti wa jozi, kilichochongwa kwa kipimo cha bega bovu, na mtutu wa risasi nyembamba kuliko penseli. Risasi ndogo, baruti nyingi. Haina teke la kusumbua, na mnyama huanguka pale pale, hajui kilichompata.

"Alinisimamisha jikoni kama fundi cherehani," Delbert anakumbuka. "'Baba, simama wima. Acha kujibana, hilo tumbo halipimwi.' Mama yake alicheka hadi akakaa chini."

Novemba ya mwaka juzi Lane alimpelekea mteja bunduki iliyokuwa imetengenezwa. Wakati wa kurudi, gari lake liliteleza kwenye barafu darajani. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Baba mtu hakupumzika. Aliichukua bunduki ya mwanawe akaenda nayo kila alikoitwa, hata siku ambazo hapakuwa na haja. Mkewe, Noreen, anasema alikuwa akiifuta kila jioni. "Nilimwacha," anasema. "Kila mtu analia anavyojua."

Mwezi Machi mwaka huu mambo yalianza kwenda mrama. Delbert alimlenga koyoti jike kifuani, risasi ikamvunja nyonga. Mnyama akakimbia kwa miguu mitatu. Delbert alifuata damu kutwa nzima, akaipoteza, akarudi asubuhi. Alimkuta chini ya mwamba, bado yu hai, anamtazama.

"Nilimmaliza, kisha nikakaa pale pale kwenye matope," anasema. "Lane alinitengenezea bunduki hii ili jambo kama hilo lisitokee."

Kwanza alidhani ni macho. Daktari akamwambia macho ni mazima. Akabadilisha darubini ya bunduki, haikusaidia. Mwishowe akaipeleka kwa Hollis, ambaye aliingiza kamera nyembamba ndani ya mtutu, akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Chuma kilikuwa kimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

"Mtutu umekwisha, Del," Hollis alimwambia. "Risasi zenye mbio hivi huula mtutu. Hata Lane alijua. Tuutoe, tuweke mpya."

"Usiuguse."

"Basi usiwinde nayo."

Delbert aliirudisha nyumbani, akaifungia kabatini. Bunduki nyingine bega halikuzitaka. Maite alipopiga simu, hakupokea.

Maite Urruty, mjane anayeendesha ranchi aliyoachiwa na mumewe, mwaka jana alipoteza wanakondoo zaidi ya sitini kwa koyoti. Mwaka huu ilikuwa asubuhi baada ya asubuhi: kichanga koo limetobolewa, mama yake amesimama juu yake hataki kuondoka. Alivumilia wiki mbili, kisha akaja kugonga mlango wa akina Aguerre.

"Del, sikuja kukugombeza," alisema, kofia bado iko kichwani. "Nataka kujua tu. Utakuja, au nimtafute mwingine? Maana hao koyoti siku hizi wanakuja mchana, wanakaa kama wageni wa harusi."

Aliyejibu ni Noreen, aliyekuwa akimenya viazi kwenye sinki, hakugeuka.

"Mwambie kwa nini huendi."

"Noreen, tafadhali."

"Haya, nitamwambia mimi. Anaona wakiutoa ule mtutu, watakuwa wamemtoa mtoto." Hapo akageuka. "Delbert, mwanangu alikuwa hawezi kuvumilia bunduki inayopotosha shabaha. Si ulikuwa unamsikia akigombana na wateja? Angekuwepo, angekuwa ameshautoa huo mtutu zamani, na kukucheka juu yake."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kwa yeyote kumtaja Lane jikoni mle. Maite alivua kofia. Walikula viazi wote watatu.

Siku iliyofuata Delbert aliirudisha bunduki kwa Hollis, naye akaubana mtutu kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani, na kumpa spana ndefu. "Vuta wewe." Delbert alivuta, haukutikisika. Akavuta tena, mzee mwenzake akiongeza mkono, ukaachia kwa mlio uliomfanya Delbert afumbe macho.

Aliugeuza kwenye mwanga, akatazama sehemu iliyokuwa imejificha ndani. Mafundi wengine huandika jina huko, au tarehe. Palikuwa na meno ya skrubu tu, safi, yamekatwa kwa utulivu.

"Nilitafuta neno," anasema. "Hakuandika kitu. Kwani alijua kama anaondoka?"

Hollis alipitisha kidole juu ya yale meno, akasema kazi kama hiyo yeye mwenyewe haiwezi tena. Kisha akatoka nje, eti kuvuta sigara. Hajavuta miaka mingi.

Asubuhi hii bunduki ina mtutu mpya, na kwenye ukingo wa korongo koyoti amegeuza ubavu. Delbert anavuta pumzi, anaitoa nusu, anafyatua. Mlio ni mfupi, mkavu. Mnyama anaanguka papo hapo na hatikisiki.

Delbert anamwendea, anapiga goti, anaweka kiganja juu ya mbavu zilizo bado na joto. Hatabasamu. "Sawasawa," anasema tu, na haijulikani anamwambia nani.

Anapanga kukaa na kundi la Maite mpaka kondoo wapande milimani kwa malisho ya kiangazi. Baada ya hapo ana safari. Dada yake Noreen anaishi Casper, na tangu msiba, kila wakienda kumtembelea, wanazunguka kwa barabara ya vumbi ili wasipite darajani pale alipofia Lane. Safari ya saa moja inakula nusu siku.

"Mwezi wa saba tutapita barabara kuu," Delbert anasema, akiifunga bunduki kwenye ala. "Noreen ameomba aendeshe yeye. Nimemwambia tukifika darajani asimame kidogo, nishuke."